Programu ya simu ya kutambua sarafu: D ya 1997 imenikata maini

Senti ya Marekani ya mwaka 1997 yenye herufi D haiwezi kuwa na D iliyogongwa mara mbili. Haiwezi kabisa. Zamani herufi ya kiwanda, D ya Denver au S ya San Francisco, fundi aliigonga kwa mkono kwenye kila muhuri wa chuma, yaani ule unaogonga picha kwenye sarafu, mmoja baada ya mwingine. Mkono ukiteleza anagonga tena, na ndipo unaona D ya pili ikichungulia nyuma ya ya kwanza. Kuanzia 1990, kwenye senti, herufi hiyo inawekwa kwenye muhuri mkuu, ule unaozaa mihuri mingine yote. Mkono wa fundi haumo tena. Jambo hili mtu hulijua mapema tu akianza kupekua chenji.

Sasa hii programu, tena kifurushi chake cha kulipia chenye "uthibitisho wa mtaalamu", imeniandikia kwa rangi ya kijani: herufi ya kiwanda imerudiwa, adimu, dola 140. Nikawaandikia kwa adabu, nikawaeleza hilo la 1990. Zikapita siku, jibu likaja: "Mteja, picha yako haina ubora. Jifunze kupiga picha kwanza kabla ya kupinga wataalamu wetu." Picha ni ile ile waliyoithibitisha! Kama ilikuwa mbovu, mtaalamu wao alithibitisha nini? Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na kila mara damu inachemka upya.

Nieleze kilichokuwa kwenye hiyo senti, maana wengi wanaponzwa hapo hapo. Ukiitazama kwa lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, ubavuni mwa D kuna kingazi: bapa, kifupi, kinang'aa kama kimepigwa msasa. D yenyewe imekonda upande huo. Huo ni mtikisiko wa mashine. Muhuri ulikuwa umelegea kidogo, ukagonga, kisha ukasogea kabla haujainuka, ukaukwangua ubavu wa herufi iliyotoka kugongwa. Ziko senti nyingi mno za namna hii na thamani yake ni senti moja.

Muhuri pacha ni kitu kingine kabisa. Hapo kasoro imo ndani ya muhuri wenyewe: ulipokuwa unatengenezwa ulikandamizwa zaidi ya mara moja na muhuri mama, na mara ya pili haukukaa pale pale. Kwa hiyo herufi zote mbili zimeinuka, zote zina mgongo wa mviringo, na pembeni ambapo zinaachana kuna kipengo kama mkato wa V. Mtikisiko unaikondesha herufi, muhuri pacha unainenepesha. Tazama picha ya senti ya 1955 ya Philadelphia, ile ambayo tarehe na maandishi yote yanaonekana mawili bila hata lenzi, au ya 1972, au ya 1995 kwenye LIBERTY na IN GOD. Ukiziona hizo tatu, kingazi hakitakudanganya tena. Programu ina picha zao zote na bado haijui tofauti.

Na sababu ya kutojua naifahamu, ndiyo inayoniudhi zaidi: inawasha taa ya simu yenyewe, kwa lazima, na huwezi kuizima. Taa inayomulika kutoka juu moja kwa moja inafuta vivuli, na bila kivuli huwezi kujua kipi kimeinuka na kipi ni bapa. Njia sahihi ni taa moja ya mezani, iwe chini, ubavuni, halafu unaizungusha sarafu polepole. Kingazi cha mtikisiko kitametameta na kuzimika kadiri unavyozungusha. Herufi pacha itabaki pale pale kila pembe. Sekunde ishirini tu. Halafu mimi ndiye ninayeambiwa nijifunze kupiga picha.

Kosa jingine ni lile la ngozi ya shaba. Tangu katikati ya 1982 senti ni zinki iliyofunikwa shaba nyembamba sana. Ikigongwa, ngozi hiyo mara nyingine hupasuka kando ya herufi na mstari wa kijivu wa zinki unatokeza. Programu inauita "herufi mbili". Ni mpasuko, basi.

Tena 1982 yenyewe! Mwaka huo zilitoka senti za shaba na za zinki, zenye tarehe kubwa na ndogo (tarakimu za mwaka), na kwa macho hutofautishi shaba na zinki. Mizani ndiyo inayotofautisha: ya shaba ina gramu 3.11, ya zinki 2.5. Mizani ya sonara inayosoma hadi 0.01 ni ya bei nafuu na inamaliza ubishi wote. Senti ya Denver, tarehe ndogo, ya shaba ni ya kutafutwa kwa tochi, na programu ikaniletea jina hilo kwa senti ambayo mizani inasoma 2.49. Haikuuliza uzito hata mara moja. Haina hata sehemu ya kuuandika! Vivyo hivyo kwa senti ya 1943: ya chuma inanasa sumaku, ya shaba hainasi, na nyingi za kughushi ni chuma kilichopakwa shaba. Swali moja tu, "inanasa sumaku?", lingeokoa watu wengi.

Hapa lazima niseme haki, ingawa nilianza kuandika nikiwa nimeshaamua nyota moja. Kuna jambo inalifanya vizuri mno. Senti ya 1999 isiyo na herufi ya kiwanda: upande wa jengo, kwenye neno AMERICA, A na M kwa kawaida zinakaribia kugusana chini. Kuna chache zilizogongwa kwa muhuri uliokuwa wa sarafu maalumu za wakusanyaji, na hizo zina nafasi ya wazi kati ya A na M. Ni nafasi ndogo sana, na ukishapitia senti 2,500 za boksi zima la benki macho yanachoka yanaipita. Programu iliidaka. Nikaipiga picha tena kwa makusudi, sarafu imepinda, ikaidaka tena. Ya kawaida nikaiweka kando yake, haikuipa sifa ya bure. Hata kota (sarafu ya senti 25) ya Wisconsin ya 2004, iliyogongwa Denver, yenye jani la ziada kushoto kwa hindi, ilitofautisha jani la juu na la chini bila kusita. Pale umbo peke yake linapokuwa la kutosha, hii programu ina jicho kuliko watu wengi ninaowafahamu. Nikapandisha hadi nyota tatu.

Kisha nikatazama bei. Kila bei inayoonyeshwa ni ya sarafu ambayo haijawahi kuguswa, imepimwa ubora na kufungwa kwenye kasha. Sarafu iliyozunguka mifukoni miaka ishirini haifikii hapo hata nusu. Tangu Philadelphia walipogonga senti ya mwisho ya matumizi, Novemba 2025, watu wamemwaga mitungi yao ya chenji mezani, na wengine ni wazee wanaohesabu bei hizo kama akiba. Wanaambiwa dola 140 kwa kingazi cha mtikisiko. Hapana. Nyota tatu nimeziondoa, nimerudi kwenye moja na nusu, na kwa kuwa nusu haipo, moja.

Wekeni kitufe cha kuzima taa. Wekeni sehemu ya uzito. Ondoeni neno "imethibitishwa" kwenye D yoyote ya senti kuanzia 1990. Mkifanya hayo matatu nitarudi kubadilisha, hata usiku wa manane.