Kuitegesha risiva mpya (kifaa kinachoendesha spika za sinema ya nyumbani): maikrofoni yake au futikamba?

Kwa gharama, maikrofoni inayokuja ndani ya boksi inashinda, tena mfumo kama Audyssey (programu ya risiva inayorekebisha sauti kulingana na chumba) hupima hadi nafasi 8 za kukaa na kupunguza mvumo wa besi unaoletwa na kuta, kazi ambayo futikamba haiiwezi. Hata hivyo, upimaji huo wa kiotomatiki huweza kuziita spika ndogo “kubwa”, besi ikazielemea badala ya kwenda kwenye sabufa, hadi uweke mwenyewe mpaka wa hezi 80, ambapo besi iliyo chini yake huenda kwenye sabufa. Futikamba na kipima desibeli hudai subira (kukosea sentimita 34 ni milisekunde 1 ya sauti), ila kila tarakimu unaielewa. Anayehamisha makochi mara kwa mara atafaidi maikrofoni; mwenye spika mbili na mazulia mazito, futikamba yamtosha.