Landrover 109 ya baba: gereji iliyoniambia "hiki usibadilishe"

Gari lenyewe ni Landrover 109, Series III, ambayo baba aliinunua kwenye mnada wa serikali na ikabeba korosho za Newala misimu mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sasa iko kwangu Mikindani. Inalala hatua chache kutoka baharini, na wanaoishi huku wanajua chumvi inavyokula chuma.

Ugonjwa wake ulikuwa mbele. Nikifika spidi ya 60 hivi, tairi moja likigusa shimo dogo tu, magurudumu ya mbele yanaanza kutetemeka na usukani unapigapiga mikononi mpaka gari nilisimamishe kabisa. Mara ya kwanza lilinifanyia hivyo nikiwa na mama mbele na watoto nyuma. Sikulala vizuri usiku ule.

Nilianza na gereji nyingine, ambayo siyo hii ninayoisifu. Walilitazama dakika tano, wakasema tubadilishe vyote: bushi zote za springi (vipete vya raba na chuma kwenye ncha zake), shokapu mbili, tairodi endi zote sita, yaani viungo vya ncha za vyuma vya usukani. Nikalipa 920,000. Wiki za kwanza gari lilitulia, mwezi wa nne tangu hapo mtetemo ukarudi vilevile, na sasa likawa limeinamia upande wa dereva. Nilipouliza spea za zamani, nikaambiwa zimeshatupwa. Zile tairodi endi zilikuwa za tangu enzi za baba, na mpaka leo siamini kuwa zote sita zilikuwa zimekwisha.

Ndipo jirani akanielekeza kwa fundi mzee mmoja Chikongola, Mtwara mjini. Nikampa shikamoo, nikaanza kumtajia orodha ya spea ninazotaka anunue. Akanikatiza taratibu: "Mwanangu, kwanza tuliulize gari."

Akalipandisha kwa jeki, akaweka stendi, akalishika tairi la kulia juu na chini, akalitikisa. Likacheza, unasikia kabisa kok, kok. Akaniambia niingie ndani nikanyage breki, nisiachie. Akatikisa tena. Bado linacheza. Akanieleza kwamba breki ikikamata, habu haiwezi kuyumba, kwa hiyo kama ubovu ni beringi za gurudumu mchezo unapotea palepale. Usipopotea, tafuta kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele linageukia unapokata kona. Kwenye Landrover hizi kingipini ya juu inazunguka ndani ya bushi, ya chini imekaa kwenye beringi, na ubanaji wake unarekebishwa kwa shimu, vipande vyembamba vya chuma. Ile bushi ya juu, upande wa kulia, ilikuwa imelika. Ni kitu cha bei ndogo kuliko shokapu moja, na gereji ya kwanza hawakukigusa.

Tairodi endi alizipima gari likiwa chini kwa uzito wake. Kijana wake anazungusha usukani kidogo kushoto na kulia, mzee ameweka kiganja juu ya kila kiungo kimoja kimoja, kimya, kama anayepima homa. Nne akasema ni nzima. Mbili zilikuwa zinacheza, na moja kati ya hizo raba yake ilikuwa imepasuka, mchanga umeshaingia ndani. Zilikuwa bado hazijamaliza mwaka! Tukabadilisha hizo mbili tu.

Kisha yale matufe ya chuma yanayong'aa nyuma ya kila gurudumu la mbele, ambayo sili ya oili inateleza juu yake. Alifuta grisi kwa petroli, akapitisha ukucha wa kidole gumba taratibu juu ya chuma. La kushoto ukucha ulipita bila kukwama. La kulia ulikwama sehemu tatu, vishimo vya kutu visivyozidi kichwa cha pini. Akanipa nami nipitishe ukucha wangu, ukakwama palepale. "Hapa ukiweka sili mpya tu, baada ya mwezi oili iko chini." Tufe la kulia likabadilishwa na la kushoto likabaki. Sili tuliweka mpya pande zote mbili.

Springi nilikuwa na hakika zimekwisha kwa jinsi gari lilivyoinama. Mzee alizitazama akacheka: zilikuwa zimebadilishana upande. Kumbe springi za mbele za kulia na kushoto hazilingani, ya upande wa dereva ina mpindo mkubwa zaidi. Wale wa mwanzo walizirudisha kinyume. Akazifungua pleti kwa pleti, akazisugua kutu kwa brashi ya waya, akazipaka grisi, akazirudisha kila moja kwake. Gari likasimama sawa bila kununua springi. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, hata hivyo, alikataa kabisa kurudia za zamani, kwa sababu zikishakazwa kwa nguvu mara moja zinavutika.

Tulibishana kwenye bushi za springi. Mimi nilitaka zibaki, maana zilikuwa mpya. Akachomoa moja akanionyesha: raba imechanika kuzunguka pande zote, imeachana na chuma. Zilikazwa gari likiwa bado juu ya jeki. Springi ikining'inia, raba inashikwa katika mkao huo, na gari likishuka inajipinda kila dakika mpaka ikatike. Zote zikatolewa. Zile za kwenye chasisi ziligoma, ikabidi zichomwe moto na kukatwa kwa msumeno, kazi ya siku nzima. Mpya alizikaza mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne. Shokapu hazikuvuja na zilisukumika kwa uzito mmoja mwanzo hadi mwisho, tukaziacha.

Jumla nililipa 1,060,000 pamoja na ufundi, sehemu kubwa ikiwa lile tufe la kulia.

Yapo yasiyonipendeza. Aliniahidi siku tano, zikawa kumi na moja, kwa kuwa tufe lilitoka Dar kwa basi na la kwanza lililoletwa halikuwa la gari hili. Hakuna karatasi yoyote, kila kitu ni kwa mdomo, ikabidi niandike mwenyewe kwenye daftari kilichobadilishwa na kilichobaki. Na mwelekeo wa tairi anaupima kwa futi na kamba. Tairi za gari hizi zinatakiwa ziingie ndani kwa mbele milimita 1.2 hadi 2.4, na mimi niliogopa kamba isingeweza kuona tofauti ndogo hivyo. Miezi saba baadaye tairi zangu zinalika sawasawa, kwa hiyo malalamiko hayo nayafuta.

Nimeshapanda nalo Newala kutokea Masasi likiwa na mzigo, zile kona zote, usukani umetulia. Baada ya kilomita 500 nilirudi kukaza yubolti upya kama alivyoniagiza, hakunitoza kitu. Nikamuuliza na ile relei ya usukani iliyojificha kwenye chasisi, inayopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka kwenye magurudumu, mbona hatukuibadilisha. Akaishika, akaniambia nizungushe usukani mara mbili, akaiachia. "Haichezi na haivuji. Kuitoa mle ni vita. Iache, tuitazame tena baada ya msimu wa korosho."