Sisilia kwa Treni: Reli Nzuri, Ratiba Mbovu ya Wakala

Mimi na mume wangu tuliadhimisha miaka ishirini ya ndoa yetu mwezi Mei kwa kuzunguka kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia, kwa treni, na kazi ya maandalizi tulimwachia wakala mmoja wa safari mwenye ofisi katikati ya jiji la Nairobi. Kifurushi cha siku kumi kiligharimu shilingi 190,000 kwa kila mmoja wetu, bila nauli ya ndege wala ada ya viza, kikajumuisha hoteli katika miji mitano na tiketi zote za reli. Karatasi ziliandaliwa kwa umakini mkubwa. Ratiba, kwa dhana yangu, ilipangwa na mtu ambaye hajapata kupanda treni hizo.

Kwa upande wa viza sina lalama yoyote. Wakala alitupatia bima ya safari inayofikia kiwango cha chini cha yuro 30,000 kinachotakiwa na nchi za Schengen, uthibitisho wa malazi wa kila usiku, pamoja na barua za kazi na taarifa za benki zilizopangwa kwa utaratibu ambao mimi mwenyewe nisingeuweza. Viza zilitoka mara ya kwanza. Anayeogopa dirisha la ubalozi atapata thamani ya fedha zake hapo.

Tiketi zilikuwa jambo jingine. Katika ankara yetu kulikuwa na shilingi 6,000 za “kuhifadhi viti”, nasi tulizilipa bila kuuliza, kwa kuwa tumezoea SGR ambako kila abiria ana behewa lake na kiti chake. Tulipofika Palermo ndipo tulipogundua kwamba treni za kimkoa, ambazo ndizo tulizopanda safari nzima, hazina viti vya kuhifadhiwa: anayetangulia ndiye anayekaa, na nauli haipandi hata ukinunua tiketi dakika kumi kabla ya kuondoka. Kitu pekee kinachotakiwa kwa mwenye tiketi ya karatasi ni kuitia katika kimashine kidogo kilichopo stesheni, kikapiga chapa ya tarehe na saa, kwa maana asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini ingawa amelipa nauli. Hilo wakala hakututajia. Tulielezwa na bibi mmoja wa makamo aliyemwona mume wangu akiikunja tiketi mfukoni, akamshika mkono na kumpeleka hadi kwenye kimashine kama mtoto wa shule.

Palermo tulilala siku tatu, na zingekuwa nne nisingenung'unika. Siku moja tulikwenda Agrigento, mwendo wa takriban saa mbili, tukaona mahekalu ya Wagiriki na kurudi jioni ileile. Katika soko la Ballarò tulikula panelle, vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kutiwa ndani ya mkate, na mume wangu akasema hizo ni bajia zilizosahau viazi. Waarabu walitawala kisiwa hiki tangu karne ya 9 hadi Wanormani walipokitwaa katika karne ya 11, na Mswahili huona alama zao upesi. Mlima Etna, kwa mfano, huitwa pia Mongibello, jina linalounganisha neno la Kiitalia la mlima na neno la Kiarabu “jabal”, ambalo sisi tunalo kama jabali.

Kutoka Palermo kuelekea Messina reli hufuata pwani ya kaskazini, kwa hiyo keti upande wa kushoto. Ukibadilisha treni Messina na kuteremka kusini, endelea kukaa kushoto, kwa sababu bahari bado iko upande huo. Kuna mahali ambapo maji yako karibu na dirisha kiasi kwamba unaweza kuona mawe chini yake, kisha treni huingia katika handaki, masikio yakaziba, na ikitoka unakuta ghuba nyingine.

Tatizo ni vituo. Tulipangiwa usiku mmoja Cefalù, mji ulio karibu saa moja tu kutoka Palermo, ambao kanisa lake kuu lililoanzishwa na Mfalme Roger wa Pili mwaka 1131 linaweza kuonwa na mtu asiyebeba sanduku. Huko Taormina ratiba iliandika kwamba hoteli iko “dakika tano kutoka stesheni”. Ramani inaweza kukubali hivyo, lakini stesheni iko ufukweni na mji uko juu ya mwamba, mita mia mbili hivi kutoka baharini, na sisi tulisimama na masanduku mawili kusubiri basi huku jua likituchoma.

Kosa kubwa zaidi lilitokea Catania. Tulipewa usiku mmoja tu, na Jumapili yake ilitengwa kwa ajili ya Ferrovia Circumetnea, reli nyembamba inayouzunguka mlima Etna kwa takriban kilomita 110 hadi Riposto. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kuchagua Sisilia. Reli hiyo haisafirishi abiria siku za Jumapili, jambo linaloonekana wazi katika ratiba yake, nasi tulilijua mbele ya lango lililofungwa.

Siracusa ilituliza nyoyo. Kanisa kuu la Ortigia, kisiwa kidogo chenye mji wa kale wa Siracusa, limejengwa juu ya hekalu la Athena la karne ya 5 KK, na nguzo za hekalu bado zimesimama ndani ya kuta, nene na zenye mifereji, nyingine zimeinama kidogo. Mume wangu aliegemeza kiganja chake kwenye mojawapo, akakaa hivyo kwa muda bila kusema neno.

Tuliporudi nilimpelekea wakala tiketi zetu, nikamwomba anionyeshe namba ya kiti. “Mama, hiyo ilikuwa ada ya mfumo,” alijibu. Baada ya wiki tatu shilingi 6,000 zilirudi kwa M-Pesa, zikiwa zimekatwa ada ya kutuma. Kuhusu Jumapili ya Catania, hadi leo sijajibiwa.