Mapigo manne ya Garchomp: tunaipima Pokémon Showdown kutoka Mombasa

Vibanda vya gemu vya mitaani hapa Mombasa ni vya mpira. Anayetaka kucheza Pokémon kwa ushindani hujitafutia mwenyewe, na Nintendo Switch pamoja na kaseti yake si bei ya mtoto wa shule. Ndiyo maana Pokémon Showdown ina thamani kubwa huku kwetu. Ni tovuti ya bure ya kupiganisha viumbe wa Pokémon, ipo tangu 2011, si mali ya Nintendo, na inafunguka kwenye kivinjari cha simu au cha kompyuta ya saiba. Hakuna kulea kiumbe wala kukusanya vifaa: unaandika jina lake, unampa mapigo manne, mnaingia vitani. Sehemu kubwa ni maandishi na picha ndogo ndogo, kwa hivyo bando haliishi mbio.

Hapa tunaipima kwa kazi moja tu, ile ya kuchagua mapigo. Kwa kazi hiyo ni chombo bora, mradi usikubali kila inachokupendekeza.

Tumchukue Garchomp, mmoja wa viumbe hao. Ni wa aina mbili, Dragon na Ground. Namba zake za msingi ni HP (uhai) 108, Attack 130, Defense 95, Special Attack 80, Special Defense 85 na Speed 102, jumla 600. Pigo la barafu humpata mara 4, Dragon na Fairy mara 2, umeme haumgusi kabisa. Anaweza karibu kila kazi, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa kuwa nafasi ni nne tu.

Bonyeza Teambuilder, halafu New Team, na uchague fomati (aina ya mechi na kanuni zake) kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu orodha ya viumbe na mapigo hufuata fomati. Ukishaandika Garchomp, kila pigo linaonyeshwa na aina yake, nguvu, uhakika na PP (mara linazoweza kutumika). PP hiyo ni ile iliyokwisha kuongezwa hadi mwisho, ndiyo sababu Stone Edge inasomeka 8 badala ya 5, na Earthquake 16 badala ya 10. Mapigo ambayo kwa kawaida hayana faida yamesukumwa chini ya orodha, jambo linalomwokolea mgeni muda mwingi. Ukimaliza, bonyeza Validate. Ukiwa umemwekea kipawa cha Sand Veil katika fomati ya OU, ile ya mmoja kwa mmoja, utaambiwa papo hapo kwamba hakiruhusiwi. Unachotaka ni Rough Skin, kinachomkwaruza kila anayempiga Garchomp kwa kumgusa.

Mapigo mawili ya kwanza hayana ubishi: Earthquake, pigo la Ground lenye nguvu 100 na uhakika 100, na pigo moja la Dragon. Hakuna aina moja, ikiwa peke yake, inayoyakinga yote mawili. Fairy haidhuriki na Dragon lakini Ground inaipata kama kawaida. Flying haiguswi na Ground lakini Dragon inaipata. Taabu inaletwa na waliochanganya aina. Corviknight ni Steel na Flying, basi Earthquake inampita chini na Dragon inamfikia nusu. Enamorus ni Fairy na Flying, na hayo mawili hayamgusi hata chembe. Ukiandika /coverage earthquake, scale shot kwenye sanduku la gumzo (Scale Shot ni pigo la Dragon), tovuti inakuletea jibu zuri lakini la kupotosha kidogo, kwa kuwa kwa kawaida amri hiyo hupima aina moja moja. Utaona kila kitu kinapigika, kisha utakutana na Corviknight.

La tatu ni Swords Dance, ngoma inayozidisha Attack mara mbili. Kwa hiyo swali lote limo katika pigo la nne, na hapa ndipo Showdown inapoonyesha thamani yake. Wengi humwekea Garchomp Fire Fang ili amuunguze Corviknight, na kwa jicho la haraka ni sawa: moto unampata mara 2. Fungua kikokotoo chake, calc.pokemonshowdown.com, uweke namba. Garchomp wa tabia ya Jolly (inayoongeza Speed) mwenye EV 252 za Attack, yaani pointi za nyongeza unazomgawia, ana Attack 359. Akicheza Swords Dance mara moja inafika 718. Corviknight wa Impish (tabia inayoongeza Defense) mwenye EV 252 za HP na 252 za Defense ana HP 400 na Defense 339. Fire Fang ina nguvu 65 tu. Jibu ni 198 hadi 234, yaani asilimia 49.5 hadi 58.5. Sasa kumbuka kwamba Roost inamrudishia nusu ya HP yake, 200. Unampiga nusu, anajitibu nusu, zamu baada ya zamu, na hapo tayari umeshatumia zamu nzima kwa Swords Dance. Akiwa ameshika kofia ya Rocky Helmet, kila ukimng'ata unapoteza sehemu 1 kwa 6 ya HP yako, ambayo kwa Garchomp wa HP 357 ni 59. Fire Fang ina nafasi 10 kwa 100 ya kuunguza na nyingine 10 ya kumfanya adui apoteze zamu. Hiyo ni bahati, si mpango.

Maana yake si kwamba Fire Fang haifai. Inafaa ukiwa na mwenzake kikosini atakayemdhoofisha Corviknight mapema, au ukipanga kumgeuza Garchomp aina yake vitani iwe Fire (Tera Fire), ambapo pigo hilo hilo hupanda hadi 296–350. Kama huna kimojawapo, nafasi hiyo ipe Stone Edge. Nguvu yake ni 100, humpata Enamorus mara 2, na kosa lake linajulikana: hupiga mara 80 kwa 100, na PP ni 8. Iron Head ina nguvu 80, haikosi, na Enamorus nayo inampata mara 2, ila kwa wengine wengi haina kazi. Uchaguzi wetu kwa kikosi cha kawaida ni Stone Edge. Kukosa mara moja katika mara 5 kunauma, lakini kuwa na pigo linalomkwaruza tu uliyemwekea kunauma zaidi.

Pigo la Dragon lenyewe nalo linataka fikra. Outrage ina nguvu 120 lakini inakufunga zamu 2 au 3 kisha inakuacha umechanganyikiwa, na mpinzani akiwa na Fairy mmoja tu anamwingiza, na pigo lako linapotea bure. Dragon Claw ina nguvu 80, salama, bila ladha. Scale Shot ndiyo inayobadilisha kazi ya Garchomp: nguvu 25 kwa kila mpigo, mipigo 2 hadi 5, uhakika 90, na mwisho wake Speed hupanda daraja moja na Defense hushuka daraja moja. Bila kifaa, wastani wake ni mipigo 3.1, sawa na nguvu 77 na ushei, chini ya Dragon Claw. Ukimshikisha Loaded Dice hupiga mara 4 au 5, yaani 100 hadi 125. Kwa hiyo Scale Shot bila Loaded Dice ni kosa, na kosa hilo Validate haitakuambia, kwa kuwa sheria hazikukatazi kujipunguzia nguvu.

Hiyo Speed inayopanda ifuatilie kwa namba. Jolly mwenye EV 252 za Speed ana 333. Baada ya Scale Shot ni 499, na Dragapult aliyejazwa kasi yote ana 421. Ukiwa Adamant (tabia inayoongeza Attack badala ya Speed) unaanza na 303. Landorus-Therian mwenye kasi yote ana 309, kwa hiyo anakutangulia, lakini Great Tusk mwenye 300 bado yuko nyuma yako. Tofauti ya 6 tu inaamua nani anapiga kwanza.

Adamant inakulipa nini kwa kasi uliyoitoa? Mkabilishe na Kingambit asiye na EV za HP wala Defense, HP 341. Earthquake ya Jolly inampiga 282 hadi 332: haimuui, hata ukipata namba ya juu kabisa. Earthquake ya Adamant inampiga 306 hadi 362, na katika namba 16 ambazo gemu huchagua, 6 zinamwangusha. Sasa weka Stealth Rock uwanjani, mawe yanayomwumiza kila adui anayeingia. Kingambit akiingia anapoteza 21, anabaki na 320. Jolly sasa anamwangusha mara 4 kwa 16, Adamant mara 12 kwa 16. Yaani mawe ya mwenzako kikosini yamekuwa sehemu ya uamuzi wa tabia ya Garchomp. Kikokotoo kinakuonyesha haya kwa dakika moja. 

Kuna Garchomp mwingine kabisa, yule wa kazi ya chini: Stealth Rock, Spikes (miiba ya ardhini), Earthquake na Dragon Tail, ameshika Rocky Helmet, HP imefika 420. Anayempiga kwa kumgusa, hata kwa U-turn, hupoteza sehemu 1 kwa 8 kwa sababu ya Rough Skin na 1 kwa 6 kwa sababu ya kofia, jumla karibu asilimia 29. Dragon Tail hufika mwisho wa zamu na kumfukuza aliyejiimarisha, na anayeingia badala yake anakanyaga Spikes. Ni seti nzuri sana. Kinachoharibika ni kuchanganya: Swords Dance na Stealth Rock kwa mtu mmoja, kofia mkononi, EV nusu huku nusu kule. Mtaka yote hukosa yote. Garchomp wa namna hiyo anaweka mawe, halafu hana zamu ya kujiimarisha kabla barafu haijamfikia.

Hapo ndipo tunapoilaumu tovuti. Inakupa seti za mfano na inakupendekezea mgawo wa EV, na vyote viwili ni vizuri kwa kuanzia, lakini havijui wenzake watano wa Garchomp ni nani. Seti yenye Fire Fang imeandikwa kwa kikosi chenye mahitaji fulani. Ukiinakili kwenye kikosi chako ambacho tayari kina wapigaji moto wawili, umeipoteza nafasi moja kati ya nne. Anza na seti ya mfano, kisha jiulize Garchomp huyu analetwa kumwangusha nani.

Lawama ya pili ni ya kuhifadhi. Kwa kawaida vikosi vyako hukaa ndani ya kivinjari, si ndani ya akaunti. Ukifuta data za kivinjari, vimekwenda. Ukitengeneza kwenye saiba, vinabaki kwenye mashine ya saiba na wewe unarudi nyumbani mikono mitupu. Bonyeza Import/Export, nakili maandishi yote, ujitumie kwenye WhatsApp. Ni mistari michache kwa kila kiumbe, na siku ya pili unaibandika ilivyo. Jina nalo lisajili kwa nenosiri, maana jina lisilosajiliwa mtu mwingine anaweza kulitumia.

Saa ya mechi ni jambo la kuangalia zaidi huku kwetu. Mpinzani akiiwasha, inaendelea kuhesabu hata mtandao ukikatika. Mechi za kupanda ngazi usizianze ukiwa unasubiri feri ya Likoni au stima ikiwa inachezacheza. Kwa muda huo cheza Random Battle, ambapo timu unapewa na hakuna cha kujuta. Kwenye simu Teambuilder inabana, hasa sehemu ya EV, basi kikosi kitengeneze kwenye kompyuta ikiwezekana na simu uiachie kupigana.

Anayejiandaa kwa mashindano rasmi ya VGC abadilishe fomati tangu mwanzo. Huko ni wawili kwa wawili, kiwango cha 50, unaleta 6 na kuchagua 4. Earthquake inampiga mwenzako pia, na nguvu yake hushuka hadi asilimia 75 kwa sababu inawapata wengi, kwa hivyo umsimamishe kando ya kiumbe wa Flying au utumie Stomping Tantrum yenye nguvu 75 na shabaha moja. Protect (kinga ya zamu moja) huchukua nafasi ya Swords Dance kwa wengi. Garchomp uliyempima kwenye OU usimhamishe hivi hivi.

Kila mechi ikiisha, hifadhi marudio yake. Baada ya mechi 20, chukua karatasi, fungua marudio moja moja na uweke alama kila mara pigo la nne lilipotumika, na alama nyingine kila mara ulipolitamani lile uliloliacha. Safu ya pili ikiwa ndefu kuliko ya kwanza, rudi Teambuilder ubadilishe pigo hilo moja tu, uyaache matatu yalivyo, ucheze 20 nyingine.