Bourbon Iliyokaa Pipani: Chupa za Kununua na za Kuacha Rafuni

Anayesimama mbele ya rafu ya bourbon, wiski ya Marekani, huvutwa kwanza na nambari ya umri, na wauzaji wanalijua hilo. Nambari yenyewe haidanganyi, kwa kuwa sheria ya Marekani inaitaka itaje umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizochanganywa katika chupa, lakini haimwambii mnunuzi kama miaka hiyo iliifaa wiski au iliiharibu. Bourbon hutengenezwa kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 yake ni mahindi, kisha hulazwa katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani mpaka kikawa mkaa, tofauti na wiski ya Uskoti, ambayo kwa kawaida hupumzika katika mapipa yaliyokwisha kutumika, tena kwenye hewa ya baridi. Huko Kentucky, jimbo la Marekani linalotengeneza bourbon, joto la kiangazi huisukuma wiski ndani ya mbao, na baridi ikija huirudisha, mwaka baada ya mwaka. Vanila na ladha ya sukari iliyoungua hutangulia, na uchungu wa tanini, kemikali ya mbao inayokausha mdomo, hufuata. Ndiyo maana ninaiweka bourbon ya miaka 9 hadi 13 mbele ya ile ya miaka 20.

Uamuzi huo kila mtu anaweza kuuhakiki kwa ulimi wake. Mimina kiasi cha vijiko viwili vya chakula katika glasi inayobana kuelekea mdomoni, iache kwa dakika kumi, kisha inuse huku umeachama kidogo, kwani ukifumba mdomo kilevi kitakuchoma pua na hutapata harufu nyingine yoyote. Funda la kwanza ni la kuuzoesha ulimi tu. Hukumu hutolewa kwa la pili. Iliyokomaa vizuri huleta mdalasini, ngozi, tumbaku kavu, na mara nyingi karafuu, jambo ambalo si porojo za waonjaji, kwa sababu mwaloni una eugenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake. Iliyopitiliza hukumbusha chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni pamoja na majani yake: ufizi hukauka, na ulimi huhisi kama umelamba ubao. Idondoshee matone matatu ya maji. Ikiwa harufu haifunguki na uchungu ndio unaozidi, pipa limeishinda wiski.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni Knob Creek ya miaka 12, inayotoka kwa watengenezaji wa Jim Beam na yenye kilevi cha asilimia 50. Nguvu hiyo ndiyo inayoiokoa, maana mbao za miaka 12 zinahitaji mwili wa kuzibeba, na hapa karanga za kukaanga na sukari iliyoungua hufika ulimini kabla ya ukavu wa mwaloni, kisha ladha hukaa kooni muda mrefu bila kukwaruza. Ya pili ni Russell's Reserve ya miaka 10 kutoka Wild Turkey, iliyobeba jina la ukoo wa Jimmy Russell, aliyeanza kazi katika kiwanda hicho mwaka 1954. Kilevi chake ni asilimia 45, bei yake ni ya kistaarabu, na kwa anayejifunza kuonja ningemshauri aanze na hii.

Eagle Rare ya miaka 10, inayotengenezwa na Buffalo Trace mjini Frankfort, ni laini zaidi na inanyweka bila maji. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya uadimu wake tu: ukitajiwa bei maradufu, rudi kwa ya pili na hutapungukiwa na kitu.

Henry McKenna ya miaka 10 ni bahati nasibu. Inafuata sheria ya mwaka 1897, inayodai wiski ya kiwanda kimoja na msimu mmoja, iliyokaa miaka minne au zaidi na kutiwa chupani ikiwa na kilevi cha asilimia 50. Lakini kila chupa hutoka katika pipa moja, na mapipa ya ghala moja hayalingani, kwa sababu ghorofa za juu hupata joto kuliko za chini. Ilipotwaa tuzo kuu katika mashindano ya San Francisco mwaka 2019, bei ilipaa, ingawa wiski ilibaki ile ile.

Elijah Craig ya miaka 18 na Pappy Van Winkle ya miaka 23 nimeziweka mkiani. Hiyo ya Van Winkle hutumia ngano mahali pa rai, nafaka inayotiwa katika bourbon nyingi pamoja na mahindi, hivyo ina ulaini wa kuuvumilia mwaloni, ila bei ya walanguzi haina uhusiano wowote na kilichomo ndani, na chupa za thamani hiyo hujazwa upya na matapeli. Mimi niliwahi kulipia toti moja ya wiski ya umri huo kwenye baa, nikanusa kabati la kale, nikanywa kabati la kale. Onja toti kwanza kabla ya kununua chupa nzima.

Ukishanunua, isimamishe chupa gizani, usiilaze kama mvinyo, kwa kuwa kilevi hukila kizibo. Ikibaki robo, hewa huanza kuififisha, kwa hiyo mwite rafiki muimalize.