Kipimo cha umio na daktari asiyejua kuongea na mgonjwa

Kipimo chenyewe sina ugomvi nacho. Unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, unalazwa ubavu wa kushoto, unang'ata kile kidude cha plastiki, mpira wenye kamera unapita. Unacheua, machozi yanakutoka, halafu basi. Nesi aliyenishika bega muda wote Mungu ambariki. Nilikwenda kwa ajili ya kiungulia kisichosikia dawa, sikwenda kutafuta makubwa.

Kero ilianza mpira ulipochomolewa. Mate yananichuruzika, koo limekufa ganzi, naye daktari anaongea huku macho yako kwenye skrini: "Umio una vitu vya njano. Tumekata vinyama, majibu utaambiwa." Akavua glovu, huyo akatoka. Vitu! Nikamfuata hadi mlangoni, sauti imekwaruza, nikamwuliza kama ni saratani. Akanijibu mbele ya benchi zima la wagonjwa: "Mama, ningekuwa najua, kinyama ningekata cha nini?"

Haki isemwe, hakudanganya. Vidoa vya njano kwenye umio vinaweza kuwa mafuta yaliyojikusanya kwenye utando, vinaweza kuwa kitu kingine kabisa, na kwa kutazama tu hakuna wa kuapa. Lakini hata ukweli una adabu yake. Angesema tu kwamba vidoa vya aina hii mara nyingi si vya hatari, angepungukiwa nini? Niliachwa nikae na "vitu" vyangu mpaka majibu yatoke, na hayakuwa na haraka.

Yalipotoka, kumbe ni tezi za mafuta. Zile zile za kwenye ngozi ya uso, zinazotung'arisha pua, zimeota ndani ya umio ambako kwa kawaida hazipo kabisa. Ni nadra, si saratani, hazitaki dawa wala kukatwa, na kiungulia changu hakikutokana nazo. Aliyeisoma ile sampuli kwenye darubini nampa nyota zote, maana aliandika vizuri hadi mimi nisiye daktari nikaelewa.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni hiki. Tezi hizi hukaa chini ya tabaka la juu la utando, kwa hiyo kinyama kikikatwa juu juu mno zinaweza zisionekane. Yaani yule yule mwenye ulimi wa upupu alikata vizuri, na pengine mwingine mpole, mwenye maneno matamu, angenirudisha nyumbani bila jibu. Mkono wake nausifu, nikiwa nimeuma meno.

Nilikaa kuandika haya nikiwa na nia ya kutoa nyota nne. Nimefika kwenye lile benchi, watu wakinitazama na mate yangu kidevuni, damu imenichemka upya. Ni mbili. Ukipatwa na tatizo la umio nenda, kipimo wanakijua, ila tafuta mtu wa kukusindikiza aulize maswali wakati wewe huwezi kuongea. Nesi sijamhesabu humo, yeye ana tano zake.