Ganga Talao, Morisi: anzeni na ngazi za bandarini

Julai nilikuwa Morisi siku tano, na nilichokitamani zaidi kilikuwa Ganga Talao, ziwa takatifu la Wahindu huko milimani. Nililipia safari ya siku nzima kwa kampuni ya utalii. Tukapewa dakika 40 ziwani, halafu saa moja na nusu dukani kwenye nguo na vito! Iliniuma. Kesho yake nikachukua teksi nikarudi peke yangu.

Sanamu ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, unaiona tangu mbali, mita 33, kashika mkuki wa ncha tatu na nyoka kamzunguka shingo. Amesimama pale tangu 2007. Karibu naye iko sanamu ya mungu mke Durga na simba wake, kimo kilekile. Wengi hupiga picha hapo wakaondoka. Msifanye hivyo, teremkeni hadi majini. Mama mmoja wa sari ya manjano aliwasha kafuri juu ya jani, akaweka maua na ndizi mbili, akafumba macho. Kabla hajayafumbua, tumbili kashanyakua ndizi moja. Mama hakumfukuza. Alitoa nyingine kwenye kikapu, akaiweka palepale, akaendelea na dua yake.

Kiingilio hakuna. Hekaluni unavua viatu, na sakafu ni baridi kwelikweli, kwa hiyo chukueni sweta na soksi. Wakati wa Maha Shivaratri, sikukuu ya Shiva, Februari au Machi, mahujaji hupanda huku kwa miguu kutoka kila pembe ya kisiwa. Mwaka 1972 maji ya Ganges, mto mtakatifu wa Wahindu, yaliletwa kutoka India yakamiminwa humu ziwani.

Kosa langu ni kwamba Aapravasi Ghat, pale bandarini Port Louis, mji mkuu, niliiacha hadi siku ya mwisho. Ni ngazi za mawe walizopanda vibarua wa mkataba wakitoka melini. Tangu 1834 waliletwa karibu nusu milioni, wengi wao kutoka India, kwenda kukata miwa baada ya utumwa kufutwa. Sisi tuliokulia Mombasa tukisikia habari za makuli wa reli, vibarua walioletwa kutoka India kuijenga, hapo lazima usimame. Niliziona zile ngazi, nikamkumbuka yule mama na kikapu chake, nikatamani ningeanzia hapa. Nako ni bure. Ziwa na ngazi nazipa nyota tano kila kimoja, ile safari ya kampuni naipa nyota moja.